Sketi Juu ya Bomba la Bani

Mwanangu Kalunde,

Najua ni nini kilichoma bani letu la kukaushia tumbaku. Sijawahi kumwambia mtu. Si Mama, si Baba, si padri, na padri huyo huyo nimekwisha kumwambia mpaka habari ya sukari ninayolamba jikoni. Nimelijua jambo hili tangu asubuhi ile, majivu yakiwa bado yanafuka, na nimetembea nalo mpaka leo unapofunga begi lako.

Usicheke hilo neno "mwanangu". Najua unacheka. Mtu mwingine akiiokota karatasi hii atadhani mwandishi amechanganyikiwa: mama ana miaka kumi na minane, mwana ana ishirini na tano. Lakini ndivyo tulivyozaliwa. Mama yako Regina alikuwa kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na mdogo wa mama ni mama tu, hata kama huyo mtoto wake ndiye aliyembeba mgongoni. Wewe umenibeba. Umenifuta kamasi. Siku ya kwanza ya shule ulinipeleka wewe, nimeng'ang'ania gauni lako njia nzima, halafu tulipofika mlangoni kwa mwalimu ukanipigia goti mbele ya watoto wote: "Shikamoo mama. Umeshajikojolea au bado?"

Bado nakudai hiyo.

Sasa kesho asubuhi unakwenda kuwa mtendaji wa kijiji, huko mbele ya Tura, mahali ambapo hatuna hata mjomba wa kusingizia. Na kwetu mtoto haendi kuanza kazi bila mama yake kusimama kizingitini, kumwaga maji kidogo mchangani na kusema maneno yake, watu wakisikia. Dada Regina angekuwepo angesema yeye, na angesema vizuri, maana alikuwa na sauti ya kuita kuku wa kijiji kizima. Ulipokwenda chuo sote tulikuwa bado tuna msiba wake machoni, hakuna aliyedai maneno. Safari hii Baba amedai. Unakumbuka juzi, tunakula, alivyouliza nani atamsemea Kalunde? Mimi nikamtazama Mama.

"Mimi?" Mama akasema. "Mimi bibi yake. Huyu si mke mwenzangu? Nikimwambia nenda salama, watu watasikia namfukuza ili nibaki na mzee wangu."

"Basi Milembe," Baba akasema.

"Milembe hasemi," ukadakia wewe. "Milembe akisema, mimi treni sipandi. Nabaki nishangae."

Mkacheka wote. Mimi pia nilicheka, nikainama kwenye bakuli. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu ulichosema ni kweli. Shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari nimesoma kwa Kiingereza, na katika zote mbili somo nililofaulu zaidi ni kunyamaza. Mwalimu akiuliza nalijua jibu, linafika hapa kooni, linakaa. Kuandika naweza. Nilifikiri hata kukuandikia kwa Kiingereza, maana mambo magumu kwa Kiingereza hayaniumi. Ni kama kumwosha mtoto wa jirani, hata akilia si wangu. Ndiyo sababu nimeacha. Hii ni ya nyumbani.

Kwa hiyo naandika, kwenye meza ya chumbani, na pembeni nimeweka sinia la uyoga. Nikisikia ndala mlangoni nalivuta sinia juu ya karatasi na kujifanya nachambua. Mama ameshaingia mara mbili kutafuta pini. "Huo uyoga unauchambua au unausomesha?" ameniuliza. Ukiona tope pembeni ya ukurasa huu, ujue sababu.

Ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomwamini mtu anayekuomba umshikie mtoto kwenye behewa, hayo sikuandikii. Mama ameshakuambia yote, na kesho atakuambia tena begi likiwa limeshafungwa kwenye baiskeli. Mimi nataka kukuambia habari ya moto, kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa unaitwa kila ukiwaka.

Masika yale ya mwaka juzi mvua haikutoa nafasi. Ulikuwa chuoni, kwa hiyo mwanzo wake hukuuona. Bani lilikuwa limejaa. Baba alikuwa amepanga fito za tumbaku kuanzia juu darini mpaka karibu na bomba la bati, lile linalotambaa sakafuni kuleta joto kutoka tanuri la nje, na nyumba nzima tulikuwa tunaishi kwa kufuata lile bani, kama kuna mzazi ndani. Anayelichochea alikuwa Kaka Ezekieli. Yeye unamjua, lakini acha nimsemee vizuri, kwa sababu barua hii ni yake pia: kijana wa Ulyankulu, ambaye babu yake alikimbia vita Burundi na sufuria kichwani, na hapa kijijini kuna watu bado wanamwita Mrundi ingawa Burundi hajaiona hata kwa basi. Alikuwa anapima joto kwa kiganja. Anaweka mkono ukutani, anaimba ubeti mmoja wa wimbo wa Kimoraviani, ubeti ukiisha ukuta haujamchoma anaongeza kuni, ukuta ukimchoma katikati ya ubeti anaacha. Baba alikuwa anamtania, "Siku ukisahau ubeti tumekwisha." Na viazi alivyotuchomea pale mdomoni mwa tanuri, nafikiri mpaka leo hakuna viazi vingine.

Sketi yangu ya shule ilikuwa moja. Niliifua Jumapili, na Jumatatu jioni ukiikamua bado inatoa maji. Shuleni ukija na sketi mbichi unatetemeka siku nzima, ukija bila sketi unarudishwa. Basi Mama akafanya wanavyofanya akina mama wote wa huku msimu wa tumbaku: akaiingiza ndani ya bani. Nguo mle hukauka upesi kuliko juani. Inatoka inanuka, ndiyo. Darasa letu zima wakati wa masika lilinuka kama mkoba wa babu, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Nilimwona. Ezekieli alikuwa ameondoka na baiskeli kufuata kuni. Mama alifungua kile kimlango cha chini, akainama, akaitundika sketi kwenye ufito wa chini kabisa, akatoka akipangusa mikono kwenye kanga. Akaniona namwona.

"Kesho utavaa kavu," akasema, akaenda zake jikoni.

Alfajiri bani likawaka. Sauti ya kwanza niliyosikia ilikuwa ya Ezekieli, hakusema moto, alisema "Mzee! Mzee! Mzee!" kama mtoto anayemwita baba yake. Majirani walikuja na ndoo, na madimbwi yalikuwepo kila mahali, lakini tumbaku kavu haingoji ndoo. Jua lilipotoka tulikuwa na kuta nne, bomba lililojikunja kama nyoka aliyekanyagwa, na moshi mtamu uliokaa kwenye nywele zetu mpaka Pasaka. Hakuna aliyeungua. Ezekieli aliungua nyusi tu. Baba alikaa kwenye gogo, akasema, "Majani. Yalikuwa majani tu," akatuma mtu achemshe chai kwa wote waliokuja. Nilimpenda sana Baba asubuhi ile. Nakuambia hivyo ili usidhani tulikuwa nyumba ya kulia. Hatukulia. Tulikunywa chai.

Kisha akaja mtendaji wetu wa wakati ule, ambaye sasa amehamishwa. Alikuja na pikipiki na hakuizima. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote, Kalunde: injini ilikuwa inanguruma muda wote, kwa hiyo kila anayetaka kusema ilibidi apige kelele, na watu kama mimi hatupigi kelele.

"Zamu ya usiku ilikuwa ya nani?" akamuuliza Baba.

"Ya Ezekieli. Lakini huyu kijana..."

"Wewe ndiye Ezekieli?"

"Ndiyo, mtendaji. Shikamoo. Kuni sikuzidisha. Mkono wangu niliuweka ukutani saa ile ile."

"Mkono!" mtendaji akasema. "Kwa hiyo moto umejiwasha?"

Watu wakacheka. Hata waliobeba ndoo walicheka, kwa uchovu nafikiri. Mtendaji akaandika pale pale juu ya tangi la pikipiki kwamba mchochea alizidisha kuni kwa uzembe, akaondoka. Ndani ya bani hakuingia. Upande waliposimama wanawake hakugeuka. Na kuanzia siku ile watoto wakampa Ezekieli jina, Jiwashe. "Jiwashe, shikamoo! Jiwashe, niwashie sigara!" Mpaka sasa. Yeye anaitikia "Marahaba" na kuendelea kukanyaga baiskeli yake.

Mimi niliingia bani baadaye, kufagia. Pale chini, juu ya bomba, niliokota zipu. Zipu ya sketi, imeshikana meno, haina nguo. Niliifunika kwa kiganja kabla sijajua ninafanya nini. Jioni nilimuuliza Mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, sketi yangu iko wapi.

"Aa, ile?" akasema. "Ng'ombe ameitafuna. Nitakushonea nyingine."

Kalunde, sisi tuna kuku.

Nikasema, "Haya, Mama." Akanishonea nyingine, nzuri, yenye mfuko. Na tangu hapo mimi na Mama tunabebana: yeye hajui kama najua, au anajua, na mimi sijui kama anajua. Tunacheka, tunapika, tunapigana na bata wa jirani, na katikati yetu kuna ng'ombe amesimama. Usinielewe vibaya, ni nyumba yenye raha. Ndiyo maana sikutaka kuivuruga. Mama aliitundika ile sketi kwa ajili yangu. Ningefunguaje mdomo kusema kwamba kilichoturudisha nyuma msimu mzima ni mapenzi yake?

Wewe ulifika wiki ile ile kwa likizo, una makaratasi yako ya chuo. Ulipoambiwa mtendaji alivyofanya ulikasirika mpaka ukasahau kuvua viatu. Ulikaa uani, ukatuita wote, ukatusomea sheria kama unaipigia ngoma: moto ukitokea kijijini, mtendaji na mwenyekiti hawana hiari. Lazima waende, lazima watafute chanzo, lazima wawaulize waliokuwepo, lazima taarifa iende kata, wilayani na kwa watu wa zimamoto. Ukiwa moto wa porini na watu wa misitu wajue. "Si fadhila!" ulisema. "Ni wajibu! Asipofanya, yeye ndiye ana kesi!" Baba alikuwa anakutazama kama anaangalia mpira timu yake ikishinda. Halafu ukasema, haya, leo mimi ndiye mtendaji, nawauliza mmoja mmoja. Ukachukua kalamu. Ukamuuliza Baba. Ukamuuliza Mama, akasema yeye alikuwa jikoni. Ukanigeukia.

"Mama Mdogo. Wewe uliona nini?"

Ulikuwa mtu mzima wa kwanza kuniuliza. Wa kwanza na wa pekee. Na Mama alikuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka kwangu, anautazama ukili aliokuwa anausuka kama ndiyo kwanza anauona.

"Sikuona kitu," nikasema.

Ukaandika. Ukaendelea na mwingine.

Sasa ngoja nikuambie kile nilichokipata kwa kosa lile, halafu utaamua kama kina faida. Nimekifikiria sana, nikichota maji, nikisubiri majibu ya mtihani, nikiwa kanisani wakati wengine wanaimba. Sikukudanganya kwa sababu sikutaka kusema. Nilikudanganya kwa sababu uliniuliza mbele ya mtu ambaye jibu lilikuwa lake. Ungeniuliza tena baadaye, kisimani, tumeinama wote wawili, ningekuambia. Nakuapia ningekuambia. Nilikuwa nangoja uniulize tena. Siku tatu nne nzima nilijipitisha mbele yako na ndoo, wewe ukadhani nataka kusukwa nywele, ukanisuka.

Kwa hiyo huko uendako, mwanangu, ukifika penye moto, kwanza zima pikipiki. Halafu ingia ndani, hata kama utachafua sketi yako ya ofisi. Ukimaliza kuwauliza wenye sauti, rudi siku nyingine bila kalamu, umkute yule aliyesimama nyuma anatwanga au anamenya, umshikie kazi kidogo. Kuna mtu kama mimi kwenye kila moto. Hatuna ubaya. Tunangoja swali la pili tu.

Na kingine. Yule mtendaji alitafuta mtu, akampata, akaridhika. Chanzo hakukitafuta. Nilidhani hilo limemuumiza Ezekieli peke yake. Wiki iliyopita Mama alinituma hapo jirani kwa Mama Sesilia kuazima ungo. Mabani yameshaanza kuwashwa, si unajua. Mlango wa bani lake ulikuwa wazi, nikachungulia. Soksi za watoto, Kalunde. Soksi, na shati jeupe la shule, na kanga, vimepangwa kwenye ufito wa chini, juu kabisa ya bomba.

"Mama Sesilia," nikamwambia, "huogopi moto?"

"Moto wa nini? Mchochea wangu nimemkataza kuzidisha kuni," akasema. "Yaliyowakuta kwenu na yule Jiwashe sisi tumejifunza."

Nilitoka na ungo. Kijiji kizima kimejifunza kitu ambacho hakikutokea. Wanapunguza kuni, wanaanika nguo. Na watoto wa Mama Sesilia wanalala kwenye kile chumba kilichogusana na bani. Ningemwambia pale pale, lakini nilijua atakalouliza: umejuaje? Na jibu liko jikoni kwetu, linapika ugali.

Ndipo nikaanza kukuzungukazunguka. Unakumbuka Jumatano, tunachambua uyoga kama huu, nilivyokuuliza maswali nikasema ni ya mtihani, na wewe ukasema mtihani si umeshafanya? Nilikuuliza: taarifa ya moto ikishaandikwa vibaya, ndiyo basi? Ukasema hapana, mtendaji akiletewa habari mpya anatakiwa aandike tena, na ile ya zamani iambatanishwe, wakubwa wajue nini kimebadilika. Nikakuuliza, na kama mtu aliwasha kwa bahati mbaya, kwenye mali yake mwenyewe, anafungwa? Ukasema ajali ya mtu kwenye bani lake, hakuna aliyeumia, anayekuja mwenyewe kueleza, wanachotaka kwake ni maelezo ili bani la jirani lisiungue. Kisha nikakuuliza lile nililokuwa nalo moyoni.

"Na kama huyo mtu alikaa kimya muda mrefu? Akija, wanamwambiaje?"

Uliinua uyoga mmoja, ukaukagua, ukautupa kwa kuku.

"Mimi nikiwa ofisini," ukasema, "nitamwambia karibu kiti."

Hukunitazama. Nimejiuliza tangu siku ile kama na wewe unajua. Inawezekana humu ndani wote tunajua, na ng'ombe wetu amenenepa kwa kulishwa na kila mtu.

Kesho atakayekubebea begi mpaka stesheni ni Ezekieli. Amejitolea mwenyewe, amefunga mpira mpya kwenye kikalio cha nyuma ili lisidondoke. Juzi nilimsikia akimwambia Baba kwamba chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kinatafuta mchochea wa mabani mapya ya pamoja, ameomba, wamemwambia jina lake lina taarifa ofisini. Alikuwa anacheka. "Si neno, Mzee, nitafyatua matofali. Tofali halijiwashi." Baba hakucheka. Baba alimtazama yule kijana, akakaa anakuna magoti.

Kwa hiyo fikiria kesho asubuhi. Maji yapo kwenye kikombe, watu wamesimama, Ezekieli ameshikilia baiskeli yenye begi lako, na mimi, mama yako, natakiwa kufungua mdomo. Maneno ya kuaga ninayo mazuri. Nimeyaandika nyuma ya daftari la fizikia: uende kama mvua ya kupandia, urudi kama mavuno. Si mabaya, eti? Lakini nitayasemaje mbele ya yule mtu? Nitakuambia uwe mkweli kazini huku yeye ananisikiliza?

Sitaki uondoke na mama wa namna hiyo. Hilo tu ndilo linaloniuma leo. Mengine yote yananifurahisha, hata hii harufu ya begi jipya. Nimeamua kwamba kesho, nikimaliza kumwaga maji, nitasema neno moja la kwako, na la pili la Ezekieli: kwamba bani letu hakulichoma yeye. Nitasema kwa sauti ya kufika kwa Mama Sesilia. Treni ikikuacha kwa kushangaa, nauli nyingine nitakutafutia. Na Jumatatu nitakwenda ofisini kwa mtendaji huyu mpya na zipu yangu.

Lakini siwezi kumsemea Mama hadharani kabla sijamsemea ndani. Hilo nimelielewa nikiwa hapa hapa ukurasani, nilipokuwa naandika kwamba uliniuliza mbele ya mtu ambaye jibu ni lake. Mimi nisimfanyie Mama hivyo hivyo. Anastahili kisima chake. Anastahili kuulizwa mara ya pili, taratibu, na mtu anayempenda, mikono ikiwa na kazi.

Zipu nimeitoa kwenye mfuko wa ile sketi mpya. Iko hapa kwenye meza, pembeni ya taa. Ni ndogo kuliko nilivyokuwa naikumbuka.

Nawasikia huko nje. Wewe unamwambia Baba asikupe kuku mzima mzima kwenye treni, Baba anasema kuku hana tiketi, ataingia tu. Mama anacheka, kile kicheko chake cha kuishia na kikohozi. Sasa amesema, "Ngoja nikamwangalie huyu mwalimu wa uyoga." Ndala zake zinakuja koridoni. Nazijua, ya kushoto inaburuta. Mkono wangu umeshakwenda kwenye sinia, wenyewe, kwa mazoea.

Nimeuondoa. Sinia nimelisukuma mbali, katikati ya meza, upande wake na wangu, kuna uyoga wa kutosha watu wawili kujifanya wanachambua. Karatasi iko wazi. Zipu iko wazi. Kiti cha pili nimekivuta.

Amefika mlangoni. Anauliza, "Unaandika nini?"

Karibu kiti, Mama.